MSOMI NA MJUMBE: Uhakiki wa Jina Tunalowapa Wenye Elimu

Utangulizi

Katika kazi ya kutafsiri, neno linalosumbua mno si lile tusilolijua, bali ni lile tunalodhani kuwa tunalijua. Neno msomi ni la namna hiyo. Mwalimu hulitumia darasani, mwandishi gazetini, na ofisa katika taarifa yake, wala hapana anayeulizwa maana yake. Basi mfasiri akutanapo na jina la kigeni linalotaja kundi la watu wenye elimu na fikra katika jamii, huandika "wasomi", au "tabaka la wasomi", akaendelea na safari yake.

Makala hii yakusudia kuonyesha kuwa wepesi huo una gharama. Neno msomi lataja kile alichokipokea mtu; halitaji kile anachodaiwa. Nalo ni jina la kundi lile lile linalounda istilahi, linalotafsiri sheria na kuandika vitabu vya shule. Jina ambalo kundi la namna hiyo limekubali kuitwa si jambo dogo, maana ndicho kipimo linachojipimia. Tutalichunguza kwanza umbo la neno lenyewe, kisha majirani zake, kisha tutalipima kwa mifano ya ng'ambo na kwa riwaya zetu mbili, na mwisho tutatoa mapendekezo.

1. Umbo la neno

Kiswahili kina njia mbili zilizo mashuhuri za kuunda jina la mtenda kutokana na kitenzi. Njia ya kwanza ni kutia kiishio -i, ambacho mara nyingi hubadili konsonanti iliyokitangulia: pika hutupa mpishi, jenga mjenzi, tunga mtunzi, lewa mlevi, iba mwizi. Njia ya pili ni kutia kiishio -aji: msemaji, mchezaji, mwimbaji. Aghalabu jina la njia ya kwanza humtaja mtu kwa kazi yake, hadhi yake au tabia yake, na jina la njia ya pili humtaja kwa kitendo anachokitenda au alichozoea kukitenda. Mpishi aliye likizoni ni mpishi bado. Mwizi aliyelala usingizi hajaacha kuwa mwizi.

Kitenzi soma kimepita njia zote mbili, kikatupa msomi na msomaji. Msomaji ni mtu aliye na kitabu mkononi. Msomi si lazima awe nacho. Mtu aliyehitimu chuo miaka ishirini iliyopita, na tangu siku hiyo hajafungua kitabu, aweza kuitwa msomi bila mtu yeyote kushangaa. Lakini hapana atakayethubutu kumwita msomaji. Kwa hiyo katika umbo lake tu neno hili limekwisha kutenganisha hadhi na kitendo. Lamwambia mwenye cheti kuwa safari yake imekwisha.

Historia nayo ina la kusema. Katika ufalme wa Buganda, miaka ya 1880, walioingia dini mpya waliitwa kwa Kiganda abasomi, kwa sababu kuingia dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Miaka michache baadaye, baada ya vita vya kugombea utawala, wengi wa waliokuwa wakiitwa wasomaji ndio walioshika vyeo vya uchifu. Tangu hapo, katika sehemu zetu hizi, kusoma kumekuwa ngazi, na aliyepanda hutajwa kwa kimo alichofikia.

Siku hizi neno hili limepata hata daraja la kuwa sifa ya heshima. Mahakamani husikika "wakili msomi" na "msomi mwenzangu". Semi hizi ni tafsiri ya adabu za mahakama za Kiingereza, ambako mawakili wamezoea kutajana kwa sifa ya elimu. Hatuna ugomvi na adabu hiyo. Kila ukumbi una taratibu zake. Lakini mfasiri na aangalie lililotokea: sifa iliyokuwa ya kuheshimiana baina ya watu wa kazi moja imetoka nje ya ukumbi, ikawa mithili ya cheo mbele ya jina la mtu. Mkulima aliyekuja kusikiliza shauri la shamba lake husikia kuwa ukumbini mna wasomi, na kwamba yeye si mmoja wao.

2. Majirani wa neno msomi

Si kwamba Kiswahili kilikuwa maskini wa majina ya wenye elimu. Kuna mwanachuoni, au mwanazuoni. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu, na katika lahaja za kaskazini wingi wake ni zuo. Mwanazuoni basi ni mwana wa vitabuni. Lakini desturi ya pwani haikumwacha humo vitabuni. Mwenye elimu ya dini alitazamiwa kusomesha. Alikaa msikitini au barazani, akafungua darasa, na waliotaka wakaja kusikiliza. Elimu isiyosomeshwa haikumpa mtu jina.

Mfano ulio dhahiri ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanazuoni huyu angeweza kukaa na Kiarabu chake akaheshimiwa na wachache. Badala yake, mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akawaandikia watu wake kwa Kiswahili juu ya elimu, mila, na hali yao chini ya utawala wa wageni. Aliyekuwa nayo elimu aliichukua akaipeleka barazani.

Kuna pia mtaalamu. Neno hili limetokana na Kiarabu, na asili yake humtaja mtu anayejifunza. Kiswahili kimeligeuza likawa jina la bingwa, yaani mtu asiyehitaji tena kujifunza. Ndugu yake wa shina moja ni mwalimu, anayefunza. Julius Nyerere alihitimu shahada ya pili Edinburgh mwaka 1952, na baadaye akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Lakini jina alilojulikana nalo nchi nzima hadi alipofariki mwaka 1999 halikuwa la shahada. Aliitwa Mwalimu. Watu walichagua, katika majina yote yaliyokuwapo, lile linalotaja kutoa.

3. Jina hili lilivyozaliwa kwingine

Tukiyatazama majina ya kigeni tunayoyatafsiri, twaona kuwa nayo hayakuzaliwa vyuoni. Warusi walilieneza neno intelijensia katika miaka ya 1860, na mwandishi wa riwaya Pyotr Boborykin ni mmoja wa waliolipa umaarufu. Kwao halikutaja waliohitimu tu. Lilitaja watu waliojiona kuwa wana deni kwa wakulima ambao jasho lao ndilo lililowasomesha. Katika kiangazi cha mwaka 1874 vijana wengi waliacha masomo wakaenda vijijini kuishi na wakulima hao. Wengi hawakueleweka, na wengi walikamatwa. Lakini hata kushindwa kwao kwaonyesha jinsi jina lile lilivyokuwa na madai ndani yake.

Huko Ufaransa jina la kundi hili lilienea mwaka 1898. Émile Zola, mtunzi wa riwaya, aliandika barua ya wazi gazetini akiitetea haki ya Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi aliyehukumiwa kwa kosa asilolitenda. Waandishi na walimu wa vyuo wakatia saini zao kumuunga mkono. Wapinzani wao wakawabeza kwa kuwaita jina hilo, wakiuliza ni nani aliyewapa watu wa vitabu ruhusa ya kusema juu ya mambo ya jeshi. Waliobezwa wakalichukua jina, likawa lao. Maana yake basi haikuwa "mwenye elimu", bali mwenye elimu aliyetoka nje ya chumba chake akasema juu ya jambo la wote.

Mfano wa tatu ndio wenye kumaliza ubishi. Antonio Gramsci, Mtaliana aliyefungwa na utawala wa Kifashisti mwaka 1926, aliandika gerezani kuwa kila mwanadamu ana fikra zake na kwa hiyo yu mmoja wa kundi hili, ijapokuwa si kila mwanadamu aliyepewa na jamii kazi ya kufikiri. Aliongeza kuwa kila tabaka la jamii huzaa wenye fikra wake. Sasa mfasiri na aijaribu hoja hiyo kwa neno letu. Atapata: "Watu wote ni wasomi." Sentensi hiyo kwa Kiswahili ni uongo mtupu, maana wapo watu wengi ambao hawakupata kusoma. Hoja nzito imegeuka upuuzi, na kosa si la Gramsci. Tena, tukisema "tabaka la wasomi", tumekwisha kuamua kuwa kundi hili ni tabaka lililosimama peke yake, nalo ndilo jambo ambalo Gramsci alikuwa akilipinga. Neno la mfasiri limemjibu mwandishi kabla msomaji hajamsikia.

4. Wajumbe wa Kusadikika na msomi wa Kichwamaji

Fasihi yetu imelifikiria jambo hili kwa undani kuliko kamusi zetu. Tuchukue riwaya mbili zinazosomwa sana shuleni.

Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert alimleta Karama, kijana aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria katika nchi. Katika kujitetea, Karama alisimulia habari za wajumbe sita waliopata kutumwa pande sita, yaani pande nne za dunia pamoja na mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja alitaabika, akajifunza, akarudi na alichokipata. Na kila mmoja, aliporudi, alitiwa gerezani.

Walimu huifundisha riwaya hii kama fumbo la utawala wa kikoloni, nao hawakosei. Walakini ni pia maelezo ya wenye elimu na kazi yao. Shaaban Robert hakuwaita watu hao wasomi, ni wajumbe. Mjumbe hutumwa, kwa hiyo yuko aliyemtuma na anayemngoja. Mjumbe huenda ili arudi. Tena hupimwa kwa alichokileta, si kwa umbali aliosafiri. Maana zote hizo hazimo katika neno msomi.

Miaka ishirini na mitatu baadaye Euphrase Kezilahabi, mwenyeji wa Ukerewe aliyesoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha Kichwamaji (1974). Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Naye hurudi nyumbani, lakini kurudi kwake si kurudi kwa mjumbe. Hana alichowaletea watu wake ila mashaka yake mwenyewe, nao hawana lugha ya kuyapokea. Mwenzake Manase, aliyeelimika na kupata cheo serikalini, amekwisha kuiletea familia ya Kazimoto maafa kwa kumharibu dada yake, Rukia. Riwaya yaishia Kazimoto akijiua.

Wahakiki wengi wameeleza kifo hicho kwa falsafa ya ukosefu wa maana ya maisha, nasi hatukatai. Lakini yapo maelezo mengine yaliyo karibu zaidi na ardhi. Kazimoto na Manase ni wasomi kamili, kwa maana ya neno hilo katika lugha yetu: wamepokea. Mmoja amekigeuza alichokipokea kuwa cheo, na mwingine kuwa upweke. Hapana katika hao aliyekigeuza kuwa ujumbe. Kwa hiyo riwaya hizi mbili zatuonyesha misiba miwili iliyo kinyume. Kusadikika ni msiba wa jamii inayowafunga wajumbe wake. Kichwamaji ni msiba wa wenye elimu waliosahau kuwa walitumwa.

Hapa yafaa tujihadhari na kosa moja. Mjumbe si tarishi. Karama hakubeba maneno ya Majivuno. Aliyapinga mbele ya mfalme. Wako waliodhani kuwa wajibu wa mwenye elimu ni kurudia kwa ufasaha yale yaliyokwisha kuamuliwa na wakubwa. Huo si ujumbe, ni uchovu wa akili uliopambwa. Aliyetumwa na kijiji kutazama kama daraja limebomoka hana budi kusema limebomoka, hata kama wanaomsikiliza wangependa kusikia kuwa ni zima.

5. Wasomi na wananchi

Katika Tanzania hoja ya deni ilitolewa mapema na kwa uwazi. Akiuwasilisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1964, Nyerere alimfananisha aliyepata elimu na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada, asiporudi, amewasaliti. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mamia yao walifukuzwa masomoni, na Rais akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Zikafuata Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Azimio la Musoma mwaka 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Mengi ya maagizo hayo yamekwisha kuachwa. Swali lililoyazaa halijaondoka.

Swali hilo limejificha katika lugha ya ofisi. Tazama sentensi ya aina hii, ambayo kila mtumishi wa serikali ameisoma au kuiandika: "Wataalamu watafika kijijini kuwaelimisha wananchi." Wananchi ni wenye nchi, na mtaalamu naye ni mwenye nchi. Lakini katika sentensi hii yeye yuko nje yao. Amekuja kutoka mahali ambapo hapana wananchi. Tena kitenzi kuelimisha chaelekea upande mmoja tu. Mtaalamu ataelimisha, mwananchi ataelimishwa, wala hapana nafasi ya kuandika kuwa mtaalamu alirudi na jambo alilojifunza kwa mkulima wa mtama au mvuvi wa dagaa. Sarufi imeufunga mlango wa kurudia. Na neno mtaalamu, kama tulivyoona, lilizaliwa likiwa jina la mwenye kujifunza!

6. Lugha kama ua

Wenye elimu hutengwa na watu kwa mambo mengi, mshahara na makazi yakiwamo. Lakini ua ulio mrefu kuliko zote ni lugha. Mfano mmoja watosha. Wanafunzi wa Mlimani waliokuwa na siasa kali walitoa jarida lao miaka ya 1969 na 1970, hadi lilipopigwa marufuku. Lilikuwa jarida la kijasiri, lenye hoja zinazosomwa hata leo, na nia yake ilikuwa kuwatetea wafanyakazi na wakulima. Jina lake lilikuwa Cheche. Jalada lilisema Kiswahili. Makala zilikuwa za Kiingereza. Mfanyakazi aliyetetewa humo angeweza kusoma jina tu.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia tena Kiswahili mlango, lakini sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Sababu inayotolewa mara kwa mara ni upungufu wa istilahi. Sababu hiyo haitoshi. Istilahi nyingi zimesanifiwa tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na nyingi zimelala katika vijitabu kwa kuwa waliozihitaji walikwisha kujifunza kuishi bila ya kuzitumia. Istilahi haikui kabatini. Hukua mdomoni mwa mwalimu na katika kalamu ya hakimu.

Ndiyo maana mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, ni mtihani mkubwa kuliko yote iliyotangulia. Sheria nyingi mno zilikuwa zikingoja kutafsiriwa. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa moyo wa msomi, yaani kwa maneno yatakayowaridhisha wenzake. Au kwa moyo wa mjumbe, yaani kwa maneno atakayoyaelewa yule mwenye shauri la shamba.

7. Mapendekezo

Hatupendekezi neno msomi litupwe. Limekwisha kuota mizizi. Twapendekeza lipewe mpaka, na mfasiri ajiulize kila mara ni lipi kati ya manne analolikusudia.

(a) Msomi: mtu aliyepitia masomo ya juu. Neno hili litaje elimu aliyoipata mtu, basi.

(b) Mtaalamu: mtu mwenye ujuzi maalumu wa kazi, awe amehitimu chuo au amerithi ujuzi huo kwa wazee. Mfua chuma na mkunga wa jadi wasinyimwe jina hili.

(c) Mwanazuoni: mtu anayetafiti na kusomesha. Asiyesomesha asipewe.

(d) Mwanafikra: mtu anayetumia akili na elimu yake kuhoji na kueleza mambo yanayowahusu wote. Hili ndilo liwe tafsiri ya lile jina la Kirusi na la Kifaransa. Na kundi lao liitwe "wanafikra" tu, bila ya kutiwa neno tabaka ila pale ambapo mwandishi mwenyewe amedai hivyo. Tukilijaribu kwa hoja ya Gramsci, twapata kuwa watu wote ni wanafikra, lakini si wote wenye kazi hiyo katika jamii. Sasa sentensi ina maana, na hata asiyejua kusoma anayo nafasi ndani yake.

Mjumbe hatukumtia katika orodha. Hilo si jina la kundi la watu, ni jina la wajibu, na laweza kumwangukia yeyote katika hao wanne. Istilahi zaweza kuuwekea wajibu huo nafasi katika lugha. Kuutimiza ni kazi ya watu. Lakini iwapo sisi tunaounda maneno hatutalitofautisha jina la aliyepokea na jina la anayetoa, tusishangae vijana wetu wakihitimu wakidhani kuwa ni jambo moja.